Eosinofili za bro hazikua minyoo

Jamani naandika hili labda litamsaidia mtu. Bro wangu alikua anawashwa mwili mzima, anakohoa, akipanda ngazi anakaa chini, kila akipimwa FBP (kile kipimo cha damu kwa jumla) eosinofili, yaani aina ya chembe nyeupe za damu, ziko juu balaa, na huku kwetu zikipanda wanawaza minyoo au kichocho kwanza (na ni sawa, mara nyingi ndo yenyewe) basi akapewa albendazo ya minyoo, akapewa prazi ya kichocho, wapi, zinapanda tu na bandama linavimba.

Mpaka daktari mmoja wa damu akasema tupime jeni. Kumbe kwenye kromosomu ya 4 kuna kipande kimekatika kikapotea, jeni mbili zilizokua mbalimbali, FIP1L1 na PDGFRA, zikaungana, sasa hiyo jeni mpya inaziamrisha seli zizaliane bila kusimama. Ni saratani ya damu ya nadra sana, wengi wanaoipata ni wanaume, na hilo kosa la jeni limegunduliwa 2003 tu! Kipande chenyewe kidogo mno, kipimo cha kawaida cha kromosomu hakikioni, lazima FISH au PCR, vipimo vinavyotafuta hilo kosa lenyewe kwenye jeni.

Dawa ni imatinibu, ileile ya CML (saratani nyingine ya damu), ila wale wa CML wanaanza na miligramu 400 kwa siku, wa ugonjwa huu wa bro 100 inawatosha wengi. Moyo wakampima kwanza maana hizo seli zinaushambulia, mwanzoni wakampa na steroidi. Eosinofili zimeshuka hadi kawaida jamani, nimelia mbele ya watu pale maabara. Dawa anaendelea nayo kila siku, na moyo wake uko salama, Alhamdulillah.