Wachoctaw walisimama na Marekani, afu wakawa wa kwanza kuhamishwa

Yaani kila nikisoma habari za Pushmataha hasira inanipanda upya. Huyu alikuwa chifu wa Wachoctaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani kule Mississippi, wakulima wa mahindi na maharage, watu wenye kilima chao cha udongo cha Nanih Waiya ambacho mababu walikijenga kwa mikono na mpaka leo wanakiita mama. Mwaka 1811 Tecumseh wa Washawnee alipita kwao akiomba makabila yote yaungane kuwapiga Wamarekani, Pushmataha akakataa katakata, akashikilia kwamba hao ni majirani na marafiki. Na hakuishia kwenye maneno, vita na Wacreek, kabila jingine la wenyeji, ilipoanza 1813 akachukua mamia ya vijana wake wakaenda kupigana upande wa Marekani, upande uleule wa jenerali Andrew Jackson.

Sasa ona malipo yake. 1820 Jackson huyohuyo anakuja pale Doak's Stand anataka ardhi, anawaambia mtapewa nyingine huko magharibi, na Pushmataha anamjibu usoni kwamba sehemu ya hiyo ardhi ya Arkansas wazungu washajenga tayari. Alikuwa anaijua vizuri, alishawinda kule. Mkataba ulisainiwa hivyohivyo ila walau ikatengwa ardhi ya kuuzwa ili watoto wao wapate shule. 1824 mzee akaenda Washington kudai walichoahidiwa, akaugua, akafa hukohuko tarehe 24 Desemba, wakampigia mizinga na kumzika kijeshi, kaburi lake lipo Congressional Cemetery hadi leo. Heshima zote hizo, afu haikupita hata miaka 6 Jackson ni rais, anasaini sheria ya kuwahamisha wenyeji, na Septemba 1830 ukaja mkataba wa Dancing Rabbit Creek, eka karibu milioni 11 zikaenda.

Kundi la kwanza liliondoka 1831, baridi ya mwaka ule ilikuwa kali kupita kiasi. Mfaransa mmoja aliyekuwa anazunguka Marekani, Alexis de Tocqueville, aliwaona wanavushwa mto pale Memphis, theluji imeganda, barafu inaelea majini, kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga na wazee wa kufa leo kesho, na hakuna aliyelia wala kulalamika. Mbwa wao walibaki ng'ambo, walipoona boti inaondoka wakabweka kwa uchungu wakajitupa kwenye maji ya barafu kuwafuata. Hapo huwa naacha kusoma kwanza. Inakadiriwa watu kama 2,500 walikufa kwenye uhamisho ule.

Na hawahawa mwaka 1847, kule walikohamishiwa, wanasikia Waayalandi wanakufa kwa njaa, watu ambao hawajawahi kuwaona, wanakaa kikao Skullyville wanachanga dola 170 wanatuma. Waayalandi hawajasahau, pale Midleton wamejenga mnara wa manyoya 9 makubwa ya chuma, umesimamishwa kama bakuli.

Afu kuna wale askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1918 Ufaransa, Wajerumani wanasikiliza simu zote za jeshi la Marekani, ikabidi Wachoctaw wawekwe kwenye simu waongee kilugha chao, mizinga wakaiita bunduki kubwa, batalioni ya kwanza punje moja ya mahindi, Wajerumani hawakuambulia kitu. Wengi wao kipindi hicho hawakuwa hata raia wa Marekani, sheria ya kuwapa uraia wote imekuja 1924! Medali za Bunge zimetolewa 2013, wote washakufa.

Ila siwezi kuwasifia nikanyamaza hili. Wachoctaw matajiri walimiliki watumwa weusi, Greenwood LeFlore, chifu aliyesaini mkataba wa 1830 akabaki zake Mississippi, alikuwa na shamba kubwa la pamba linalolimwa na mamia ya watumwa, na wengine walihama na watumwa wao kwenye njia ileile ya mateso. Kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe taifa lao likawa upande wa Kusini, ule uliotetea utumwa. Waliokuwa watumwa walikuja kupewa uraia wa Choctaw 1885, afu katiba ya 1983 ikaufunga kwa wazao wa damu ya Choctaw tu. Wazao wa wale watumwa bado wanadai, na mimi naona wana haki, babu zao walitembea na hao Wachoctaw kwenye theluji ileile na wengine walizikwa njiani.