Mimea hai ndani ya akwariamu ndogo, kwa maji ya Dodoma

Anayeishi Dodoma hahitaji maabara kujua kwamba maji yake ni magumu, kwa maana birika lake limekwisha kumweleza. Langu, nililolinunua nilipohamia Ipagala, lilifanya ukoko mweupe ndani ya wiki chache, na tangu hapo nalisugua kwa siki kila mwezi. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu huvutwa kutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji yaliyokaa ardhini muda mrefu hupanda juu pamoja na madini yake. Naanza na birika kwa sababu karibu kila kosa nililofanya nilipoanza kupanda mimea ndani ya akwariamu, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, lilitokana na kufuata maelekezo ya watu wenye maji ya aina nyingine.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimeta 60, upana wa 30 na kimo cha 30, na fundi vioo wa hapa mjini aliliunganisha kwa silikoni. Chini niliweka sentimeta 2 za udongo wa bustani usiotiwa samadi, maana samadi huachia amonia nyingi, kisha nikaufunika kwa sentimeta 3 za mchanga wa korongoni uliooshwa hadi maji yakatoka meupe. Kabla ya kuutumia niliudondoshea siki nao ukanyamaza. Lakini jiwe jeupe nililoliokota huko huko kwa ajili ya urembo lilitoa povu papo hapo, ishara kwamba ni la chokaa, nikaliacha nje. Maji yetu hayahitaji kuongezewa chokaa.

Mimea niliagiza kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa treni ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Iliyonivutia zaidi ilikuwa kriptokorini, yenye majani ya rangi ya kahawia. Siku ya nne majani yalianza kutoboka. Siku ya nane yalikuwa yanakatika kwa kuguswa tu, laini kama mlenda, na maji yakaanza kunuka. Niliing'oa yote kwa hasira na kuitupa ndani ya ndoo ya maji iliyokuwa uani, chini ya kivuli cha mwembe, nikaisahau. Wiki tatu baadaye nilipotaka kuitumia ile ndoo, nilikuta mizizi ileile imetoa majani mapya matano, madogo, yaliyosimama wima.

Sababu yake niliielewa baadaye. Mashamba mengi ya mimea ya akwariamu huikuza ikiwa na mizizi majini na majani hewani, kwa kuwa hivyo hukua haraka. Majani yaliyozaliwa hewani hayawezi kazi ya chini ya maji, hivyo mmea huyaacha yaoze na kuunda mengine. Kriptokorini huongeza udhaifu wake, kwani hata ikikuzwa majini hudondosha majani pale maji yanapobadilika ghafla. Kinachotakiwa ni kuondoa yaliyooza, kubadilisha sehemu ya maji, na kuiacha mizizi mahali ilipo. Kuing'oa na kuipanda upya ili kuichunguza, jambo ambalo mikono yangu ilitamani kila asubuhi, ni kuianzishia msiba mwingine.

Anubiasi na kangaga la Java, mimea mingine niliyopanda, hazina makuu, ila zina sharti moja. Shina lao nene linalotambaa, linalofanana na tangawizi, halifukiwi mchangani, kwa sababu likifukiwa huoza. Nililifunga kwa uzi juu ya jiwe la matale, na mizizi ikajishikiza yenyewe.

Mmea uliobadilisha mawazo yangu kuhusu maji ya Dodoma ni valisineria, ule wenye majani marefu kama utepe. Katika maji magumu yenye alkali, hewa ya ukaa iliyo huru, ambayo mimea hujilisha kwayo, huwa haba, na kaboni nyingi huwa imefungwa katika umbo la bikaboneti. Mimea mingi haiwezi kuitumia hiyo. Valisineria inaweza, na seratofilamu, ule mmea usio na mizizi unaoota hata Ziwa Victoria, inaweza pia. Jioni moja nilipitisha jani la valisineria kati ya vidole viwili nikahisi mikwaruzo midogo, nikalitoa na kuliangalia dirishani: lilikuwa na unga mweupe mwembamba juu yake. Ulikuwa ni ukoko wa birika langu. Mmea unapochukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti, chokaa hubaki nyuma na kuganda juu ya jani. Kumbe maji niliyokuwa nikiyalaani jikoni yalikuwa chakula sebuleni.

Hata hivyo ugumu una mpaka, na hapa hewa kavu ya kwetu huingiza mkono wake. Upepo wa kuanzia Juni hukausha kila kitu. Nilipoweka alama kwenye kioo, niliona maji yameshuka sentimeta 2 kwa wiki, ambazo kwa tangi la ukubwa huu ni lita 3.6. Kinachopaa ni maji matupu, madini hubaki. Kwa hiyo anayejazia tu ya bomba kila mara anazidisha madini bila kujua. Siku hizi tangi lina mfuniko wa kioo, na kila Jumamosi hutoa ndoo moja ya lita 10 kabla ya kuongeza maji mapya, yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Masika yakiwapo huchanganya na maji ya mvua kutoka kwenye bati, lakini si ya mvua ya kwanza, ambayo huosha vumbi la miezi saba.

Taa ya LED huwaka saa saba kwa siku na si zaidi, na tangi liko mbali na dirisha, maana jua la hapa huotesha mwani kabla mimea haijashika mizizi. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa mimea haijali. Wanaoteseka ni bakteria wa kwenye kichujio, ambao huondoa sumu ya uchafu majini.

Samaki niliwaingiza wiki ya sita, baada ya kipimo cha amonia na kile cha naitraiti, sumu mbili za uchafu zinazoua samaki, kusoma sifuri: gapi watano, ambao nao hupenda maji magumu. Kufikia wakati huo valisineria ilikuwa imetuma vikonyo chini ya mchanga na kuchipua miche minne mipya, na ile kriptokorini ya ndoo ilikuwa imerudi kwenye kona yake.

Ninachopunguza sikitupi mtaroni wala sikipeleki bwawani Hombolo. Ziwa Victoria limekwisha kutuonyesha gugu maji linavyofanya likipata nafasi. Hukianika juu ya bati hadi kikauke kabisa, kisha hukiweka kwenye shina la mzabibu ulioko uani.