Dizeli ya zamani iliyokuwa inavuta hewa usiku

Gari langu la zamani la dizeli lilikuwa linanitesa asubuhi tu. Napiga stata mpaka betri inachoka, injini inakohoa moshi mweupe, kisha siku nzima inawaka papo hapo. Nilibadilisha plagi za kupasha joto, wapi. Fundi akasema pampu ya dizeli imekufa. Sikukubali: pampu iliyochoka mara nyingi husumbua zaidi injini ikiwa ya moto.

Nikaunga kipande cha mpira angavu kati ya filta na pampu, nikaliacha gari lilale. Asubuhi nikaona kwa macho yangu: dizeli imerudi tanki, mpira umejaa hewa nusu. Nikaingia uvunguni na tochi. Juu ya tanki, chini ya klipu, mpira wa kupitisha dizeli ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na hakuna hata tone lililovuja! Upande ule pampu inavuta, haisukumi. Hewa inaingia, dizeli haitoki.

Nikaweka mpira mpya unaostahimili dizeli, na vile vimpira vya marejeo, vinavyorudisha dizeli ya ziada kutoka kwenye nozeli zinazoipulizia ndani ya injini, maana vilishakauka. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, nikapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, nikakaza. Sasa linawaka kabla sijahesabu mbili.