Nilifuata Majani, Nikakuta Nyasi

Kamusi zetu huyaita majira haya ya kati ya kiangazi na kipupwe "vuli", na kila ninapolikuta neno hilo moyo wangu husubiri mvua. Mwanzoni mwa Novemba, katika milima ya kati ya Japani, hapakuwa na mvua, bali baridi kavu na majani yanayopukutika. Nilipanda basi kutoka Takayama, na kabla saa haijatimia nikateremka Ogimachi, kijiji kikuu cha Shirakawa-go, ambacho kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995 pamoja na vijiji viwili vya jirani, Ainokura na Suganuma, vilivyoko Gokayama.

Nilikwenda kwa ajili ya majani, na sikunyimwa. Miti ya momiji ilikuwa imeiva wekundu wa pilipili, na miteremko iliyo juu ya mto Sho ilitandazwa manjano na kahawia kama mkeka wa ukindu uliotiwa rangi. Hata hivyo, haikupita saa nyingine nikawa nimeyapa majani kisogo, nimesimama kuyatazama mapaa.

Nyumba zile huitwa gassho-zukuri, yaani zilizojengwa mfano wa viganja vilivyokutanishwa kwa sala. Paa lake la nyasi husimama wima kiasi cha nyuzi 60 ili theluji nzito isilielemee, na boriti zake zimefungwa kwa kamba za mabua na fito laini, bila misumari. Karibu nyumba zote zimeelekezwa upande mmoja, kufuata bonde, ili upepo upite na pande zote mbili za paa zipate jua.

Niliingia nyumba ya ukoo wa Wada, iliyo kubwa kuliko zote kijijini, nikapanda ngazi nyembamba hadi darini, na nikagonga kichwa kwa sababu nilikuwa nikitazama juu. Huko darini ndiko walikofugwa viwavi wa hariri, wakilishwa majani ya mforosadi. Chini ya sakafu za nyumba za eneo hili palizalishwa shura ya kutengenezea baruti: udongo ulichanganywa na majani na vinyesi vya viwavi, ukaachwa kwa miaka kadhaa uive. Ukoo wa Wada ulitajirika kwa biashara hiyo, na watu wa Gokayama waliipeleka shura yao kwa watawala wa jimbo la Kaga. Nilikiri moyoni kwamba utulivu wa mahali pale ulikuwa umenidanganya. Chini ya mikeka ile palikuwa na kiwanda cha vita.

Paa la namna hii hudumu miaka 30 hadi 40, mradi moto uendelee kuwaka mekoni, kwa kuwa moshi ndio unaokausha nyasi na kufukuza wadudu. Kuliezeka upya kunataka zaidi ya watu 100, na kwa desturi iitwayo yui, ambayo nyumbani tungeiita msaragambo, jirani hutoa siku zake leo akijua kwamba zamu yake itafika. Siku hizi mafundi wa kulipwa hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi waliafikiana kwamba nyumba hizo haziuzwi, hazipangishwi, wala hazibomolewi. Nilipoona umati ulioshuka kwenye mabasi mchana ule, nami nikiwa mmoja wao, nilielewa kwa nini walihitaji kulisema jambo hilo waziwazi.

Nililala katika nyumba ya wageni ya familia moja. Mabasi ya mwisho yalipoondoka, kijiji kilibaki na sauti ya maji miferejini tu.

Kesho yake nilifika Ainokura, ambako nyumba ni chache na wageni wachache zaidi. Nyuma ya kijiji kuna mteremko uliohifadhiwa kwa ajili ya kuotesha nyasi za kuezekea. Mzee mmoja alikuwa akikata na kufunga matita, akiyasimamisha yakauke. Nilimwinamia kwa salamu, naye akaniinamia, kisha akarudi kwenye mundu wake. Jioni, ndani ya basi la kuelekea Takaoka, abiria wenzangu walipiga picha za majani dirishani, nami nikawa ninanusa mkono wa koti langu, ambao ulikuwa bado na harufu ya moshi wa jana.