Kopo Nililolisugua

Juzi jioni binti yangu kaketi katikati ya magoti yangu, namtia mafuta ya salfa kwa sababu ya mba, akakunja pua. "Mama, hii kitu inanuka yai viza. Nani alianza kuwapaka watu?" Nikamwambia atulie, kitana kisije kikamchoma. Swali lenyewe sikulijibu, maana jibu lake lina aibu yangu ndani.

Nyumbani Tanga tulikiita kibiriti upele. Bibi alikuwa anakiponda, anakoroga na mafuta ya nazi, na sisi wenye mapunye tunapangwa foleni barazani. Sikudhani kama nitakutana na harufu ile tena, na mahali penyewe pawe Indianapolis.

Ulikuwa ule mwaka wa jiko la ghorofa ya tatu, kabla ya saluni, kabla ya huyu binti. Nilikuwa nasukia jikoni: mteja kwenye stuli, mimi wima, na nyuma yangu sufuria ya maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta. Jirani akaniletea mama mmoja, Mmarekani mweusi, umri wa kumzaa mama yangu. Alitaka mistari ya kurudi nyuma tu, isiyo na madoido, kwa kuwa Jumamosi alikuwa anamzika dada yake. Nikamwambia kwetu mtindo huo unaitwa twende kilioni. Akataka kujua maana yake. Nilipomweleza alicheka hadi msuko ukanichomoka mkononi, halafu akalia kidogo, halafu akasema haya, endelea.

Pini zake alizitoa kwenye kopo bapa la bati, ukubwa wa kopo la kiwi ya viatu. Kutu ilikuwa imelila pembezoni, lakini juu ya kifuniko alionekana mwanamke mweusi, nywele zimemwagika hadi mabegani. Akasema lilikuwa la bibi yake, aliyepita nyumba kwa nyumba akiwa wakala wa Madam C.J. Walker.

Nikauliza, "Walker yupi?"

Kichwa kikageuka chote, na msuko wangu ukiwa bado mkononi.

Basi nikapigwa darasa. Mengine nimeyasoma baadaye, siku hizi sijui tena lipi ni lake na lipi la vitabuni. Jina la kuzaliwa ni Sarah Breedlove, mwaka 1867, Delta, Louisiana, wa kwanza kwao kuzaliwa huru. Yatima akiwa na miaka saba, mke wa mtu akiwa na 14, mjane akiwa na 20. Akawafulia watu nguo St. Louis miaka nenda rudi, nywele zinanyonyoka. Alianza kwa kuuza dawa za nywele za mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo Malone (huyu husahaulika, na mimi hilo huniudhi), kisha akatoka na zake: salfa, nta, mafuta mazito, na manukato ya kuifunika salfa. Mwaka 1910 akahamia hapa Indianapolis, akajenga kiwanda. Chanuo la moto hakulibuni yeye, watu wanamzushia tu.

Mama yule alinogewa zaidi alipofika mwaka 1912. Mkutano wa wafanyabiashara weusi Chicago, Booker T. Washington, kiongozi mkubwa wa weusi enzi hizo, ndiye mwenyekiti, na kila Walker anapotaka kusema anarukwa. Siku ya mwisho akasimama bila kuitwa. Akasema ametoka kwenye mashamba ya pamba, akapandishwa hadi kwenye beseni la kufulia, akapandishwa hadi jikoni kwa watu, na kutoka hapo akajipandisha mwenyewe. Kiwanda amekijenga kwenye ardhi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata akaalikwa rasmi. Mama akaona hadithi haitoshi kwa mdomo, akainuka kwenye stuli, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, akalinyooshea kidole friji langu kana kwamba ndiye Booker T. Washington.

Akalipa, akaenda zake, kopo likabaki mezani.

Mimi nimelelewa kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu wala kichafu. Nikachukua stiliwaya. Nilianza na kutu ya pembeni. Ikatoka vizuri, bati likang'aa, nikanogewa na mimi. Maji ya moto yakafufua kitu mle ndani: kibiriti upele, kwa mbali sana, au nilijidhania. Nikafumba macho pale kwenye sinki. Niko Tanga, barazani, namsikia bibi anamwita anayefuata, na mkono unaendelea kuzunguka. Kuzunguka, kuzunguka. Nilipofumbua, kifuniko kilikuwa cheupe. Nywele zilikuwa zimekwenda. Uso ulikuwa umekwenda. Chini kabisa ilibaki herufi moja, nayo nusu.

Jumatatu akalifuata. Nilikuwa nimelifunga kwenye kitambaa, na sahani ya maandazi juu, kama mtu anayepeleka posa. Akafungua. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu, upande ule. Sufuria ilikuwa inachemka, sikuthubutu hata kwenda kuizima.

"Umelisafisha," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Sikujua..."

"Bibi yangu naye alikuwa havumilii kitu kichafu."

Akala andazi moja wima, akafuta vidole, akaondoka. Hadi leo sijui kama ule ulikuwa msamaha au adabu tu ya mtu mzima.

Wiki hiyohiyo nikapanda basi hadi Indiana Avenue, kulitazama lile jengo la Walker. Lilifunguliwa mwaka 1927, miaka minane baada ya mwenyewe kufa. Nilitegemea kulia, au angalau kuomba radhi. Baridi ilikuwa inakata masikio. Nikalisoma jina lake mara mbili, nikarudi, nilikuwa na mteja saa nane.

Mama alirudi kwangu mara nne baada ya hapo. Kila mara twende kilioni, ingawa msiba haukuwapo. Tulicheka, alinisimulia mengine mengi. Pini zake alikuwa anakuja nazo kwenye kimfuko cha nailoni.