Mahakama ya wapi? Nilivyorekebisha mkataba wangu wa unga

Nanunua unga wa mahindi Kitwe, Zambia, nauuza Lubumbashi. Mwanzoni tulifanya kazi kwa kuaminiana. Mzigo ulipokuwa mkubwa, na mimi nikatakiwa kulipa nusu kabla lori halijapakiwa, muuzaji akaniletea mkataba wa Kiingereza. Bei, uzito na siku ya kufika Kasumbalesa, mpakani, tulivimaliza upesi. Nikakwama karibu na sahihi: mkataba unafuata sheria ya Uingereza, na mahakama za London pekee ndizo zenye mamlaka ya kusikiliza ugomvi. Mtu wa Kitwe na mama wa Lubumbashi wakagombee magunia London! Bila shaka walinakili mahali.

Avoka (wakili) wangu alitaka tuandike Tribinali ya Biashara ya Lubumbashi. Mimi nimedai madeni soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi) miaka mingi, na pale swali la kwanza huwa ni mdeni ana nini na kiko wapi.

"Maître, hawa wakila pesa yangu, hapa tutakamata nini chao?"

Akacheka. "Hakuna, mama."

Ghala, malori, akaunti ya benki, vyote viko Zambia. Kongo imo OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, lakini Zambia haimo, na hukumu ya Lubumbashi haiwezi tu kuvuka mpaka wa nchi na kuanza kukamata mali. Ya kwao pia haina nguvu huku mpaka mahakama yetu iipitishe kwanza.

Akaleta wazo la usuluhishi: ugomvi unaamuliwa na mtu mliyemchagua wenyewe, si mahakama. Nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa New York wa 1958, ambao nchi zinakubali maamuzi ya wasuluhishi wa nje, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi unaweza kutekelezwa kote kuwili. Wazo zuri, ila wasuluhishi unawalipa mwenyewe, na unga hauna faida ya shaba.

Basi tukaandika hivi: anayedai amfuate mdaiwa kwao. Wakinidai, waje Lubumbashi. Nikiwadai, naenda Zambia. Neno "pekee" sikulifuta, nililiwekea mlango: mzigo ukiwa na ugomvi, yeyote anaweza kuomba mahakama ya pale ulipo iuzuie kwa haraka. Unga ulioshuka Kasumbalesa hausubiri kesi ya Kitwe.

Sheria ya kufuata ni jambo jingine, ina sentensi yake. Jaji wa Lubumbashi anaweza kuamua kwa sheria ya Zambia, ila lazima aelezwe inasema nini, na kazi hiyo inalipiwa. Sikuipenda, lakini niliwaachia sheria yao ili wanipe mlango wangu. Muuzaji alijibu kwa WhatsApp jioni ileile: London hata yeye hakuijua imeingiaje. Alichobishia kwa nguvu ni nani alipe mifuko inayopasuka njiani, na hapo tulikaa wiki nzima.