Kanda zinatupwa bure, kosa liko kwenye BIOS

Bakapu ya usiku, yaani nakala ya data ya seva ya Linux inayoandikwa kwenye kanda, ikikatika kwa "Input/output error", wa kwanza kulaumiwa ni kanda, wa pili ni hewa ya chumvi, wa tatu ni kichwa cha draivu. Fundi anaingiza kanda ya kusafishia, ambayo kwa kawaida ni ya mara 50 tu, kisha anafungua kanda mpya. Kesho yake kosa lile lile. Kabla ya kufika huko, soma kerneli, yaani kiini cha Linux, inasema nini (st0 ni draivu ya kanda):

dmesg -T | grep -Ei 'st0|st 0|mpt3sas|AER'

"Medium Error" ni kanda au kichwa, na hapo kusafisha kuna maana. "Power-on or device reset occurred" ni jambo jingine kabisa: draivu imeanzishwa upya katikati ya kazi bila mtu kugusa swichi. Pakiwa na mistari ya AER (ripoti za makosa ya PCIe) karibu yake, kinachoyumba ni njia ya PCIe baina ya mazabodi na kadi ya SAS, ile inayounganisha draivu na seva. Angalia pia kosa linatokea wapi. Kanda iliyoharibika hukwama karibu na pale pale kila mara, ila hili huja leo kwenye GB 40, kesho kwenye GB 900.

Diski za kadi hiyo hiyo hazilalamiki, na hilo ndilo linalowapoteza watu. Diski ikianzishwa upya, kerneli hurudia tu kuandika ile bloku. Kwenye kanda, kerneli haina tena uhakika kichwa kimesimama wapi, kwa hivyo inakataa kuandika mpaka kanda irudishwe mwanzo. Hitilafu ya nusu sekunde inakula usiku mzima.

Mshukiwa mkuu ni ASPM, mpangilio wa BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) unaoilaza njia ya PCIe ikikaa kimya ili kuokoa umeme. Programu ya bakapu inapopita kwenye folda lenye mafaili madogo maelfu, data husita, njia hulala, na baadhi ya kadi za SAS haziamki vizuri. Hakikisha kwa mamlaka ya root, ukiweka namba ya kadi yako:

lspci -vv -s 01:00.0 | grep -E 'LnkCtl|LnkSta'

Ukiona "ASPM L1 Enabled", ingia BIOS, uiweke Disabled. Wengi hukimbilia kuandika pcie_aspm=off kwenye kerneli na kudhani wamemaliza. Amri hiyo inaiambia kerneli isiguse ASPM, maana yake yale yaliyowashwa na BIOS yanabaki vile vile. Kama BIOS haina mpangilio huo, tumia pcie_aspm.policy=performance.

Hapo hapo kwenye BIOS toa kasi ya sloti kwenye Auto, uiweke kizazi cha PCIe cha kadi: Gen2 kwa kadi ya Gen2, Gen3 kwa ya Gen3. LnkSta ikionyesha x4 (njia nne) badala ya x8 usihangaike. Draivu moja ya kanda ya LTO-6 inaandika MB 160 kwa sekunde, na hata njia nne za Gen2 zinabeba takriban GB 2.

Sasa, kwa nini mashine iliyofanya kazi miaka mitatu ianze leo? Kwetu visiwani, tazama betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye mazabodi. Mashine ikiwa kwenye umeme, hata imezimwa, betri haifanyi kazi kubwa. Lakini ofisi zetu huzima swichi ya ukutani kwa kuogopa umeme kurudi kwa kishindo. Idi ikianguka Alhamisi, betri inabeba saa peke yake siku nne. Ikichoka, mazabodi nyingi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na ASPM huenda ikajiwasha. Ishara ni tarehe ya BIOS kurudi nyuma miaka. Betri nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo kwenye mita. Chini ya 2.7 badilisha. Piga picha kurasa za BIOS kwa simu kabla ya kuitoa.

Mpangilio mwingine wa kutazamwa khasa ni ule wa umeme unaporudi, "Restore on AC Power Loss". Ukiwa Power On, seva na draivu ya nje huwaka pamoja, draivu bado inajipima, na /dev/nst0, jina la draivu ya kanda ndani ya Linux, haionekani. Weka Power Off, washa draivu kwanza, isubiri itulie, ndiyo uwashe seva. Ikiwa seva imeshawaka, iambie itafute upya, ukibadilisha host0 iwe ya kadi yako:

echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host0/scan

Kujaribu, chukua kanda isiyo na kitu, maana iliyomo itafutika. Usitumie /dev/zero: draivu huibana data ya sifuri na jaribio linakuwa la uongo. Tengeneza faili la GB 50 la data ya nasibu, kisha:

mt -f /dev/nst0 setblk 0
dd if=jaribio.bin of=/dev/nst0 bs=256k
mt -f /dev/nst0 rewind
dd if=/dev/nst0 bs=256k | cmp - jaribio.bin

cmp ikikaa kimya, data ni sawa. Rudia baada ya kuiacha mashine bila kazi saa nzima, kwani ASPM hujificha pale kazi inapokuwa mfululizo. Zile kanda zilizotengwa kuwa mbovu, zijaribu nazo pia kabla hazijafika jaani.